Seli zetu zina kikomo, na kikomo hicho kina kazi yake

(Hii ni hotuba niliyotoa kwenye mkutano wa kikundi. Waliokosa kufika wameomba niiweke yote, kwahiyo nimeiandika kama nilivyoiongea, zile picha za projekta tu ndo nimeziacha.)

Wazee wangu, shikamooni. Mama zangu, dada zangu, na nyie vijana mliosimama kule mlangoni, habari za asubuhi.

Mwenyekiti ameniomba niongelee hivi vidonge vilivyoingia mtaani, vile mnavyoambiwa vinarefusha telomea, yani ncha za zile nyuzi za DNA zinazobeba maelekezo ya mwili ndani ya seli, na telomea ikirefuka uzee unarudi nyuma, goti linapona, sukari inashuka, ngozi inakuwa ya binti. Chupa moja ni hela ya chakula cha nyumba nzima kwa wiki kadhaa. Siwezi kusimama hapa nikasema tu "msinunue" halafu nikae, nyie ni watu wazima na hela ni zenu mmezitolea jasho. Ninachotaka mtoke hapa mnaijua telomea yenyewe, ili huyo anayepita na begi lake mumuulize maswali mpaka atafute mlango.

Na niseme mapema kabisa, telomea ni kitu cha kweli. Ipo kwenye mwili wangu na ipo kwenye mwili wako, na walioichunguza walipewa tuzo ya Nobel. Muuzaji hajatunga hilo. Uongo wake uko sehemu moja tu, pale anaposema ikiwa ndefu zaidi ndo afya zaidi. Hapo ndo nataka tukae leo.

Tuanze na kuku. Mwaka 1912 pale Rockefeller Institute, New York, kulikuwa na daktari Mfaransa anaitwa Alexis Carrel. Alichukua kipande cha moyo wa kifaranga ambacho bado kiko kwenye yai, akakiweka kwenye chombo cha maabara, akawa anakilisha. Seli zikaishi, zikagawanyika, zikaendelea kugawanyika. Mwaka huohuo Carrel akapata Nobel kwa kazi nyingine, ya kuunganisha mishipa ya damu, kwahiyo alikuwa mtu mzito, akisema kitu dunia nzima inasikiliza. Zile seli zikalelewa mpaka mwaka 1946, yani miaka 34, Carrel mwenyewe alishafariki miwili nyuma na seli bado zipo. Watu wakasadiki kwamba seli ukiitoa mwilini ukailisha vizuri haifi, haizeeki. Vikaandikwa vitabu, wanafunzi wakafundishwa hivo.

Sasa mwaka 1961 kule Philadelphia, kwenye Taasisi ya Wistar, kuna kijana anaitwa Leonard Hayflick analea seli za binadamu, na seli zake zinamgomea. Zinagawanyika vizuri miezi kadhaa, halafu zinapunguza mwendo, halafu zinasimama. Mtu mwingine angesema labda chakula changu kibaya, labda chupa hazikuoshwa. Na ndo ilivyokuwa kwa miaka yote hiyo, kila ambaye seli zake zimesimama anajilaumu mwenyewe maana mkubwa Carrel ameshasema seli hazifi.

Hayflick akafanyaje? Yeye na mwenzake Paul Moorhead walichukua seli za mwanaume ambazo zimeshagawanyika sana, wakazichanganya kwenye chupa moja na seli za mwanamke ambazo bado changa. Chupa moja, chakula kimoja, joto moja. Wakasubiri. Baadae wakaangalia kwa hadubini, seli za kiume hakuna, zimebaki za kike peke yake zinaendelea. Kama ni chakula kibaya si zingesimama zote? Akafanya na lingine, seli zikishagawanyika idadi fulani anazigandisha kwenye barafu kali, akiziyeyusha baadae zinaendelea kuhesabu palepale zilipoishia, hazianzi upya! Mara hamsini hivi jumla, basi. Jarida la kwanza alilopeleka kazi yake likaikataa, ikabidi apeleke lingine. Na wale kuku wa Carrel? Maelezo wanayoyapa wengi ni kwamba kile chakula chao kilitengenezwa kwa maji ya viinitete vya kuku, yani vifaranga ambavyo bado viko kwenye yai, na mlemle seli mpya zilikuwa zinaingia kila wanapolishwa. Miaka 34 dunia inaangalia seli za wageni ikidhani ni zilezile.

Kwahiyo shikeni hili la kwanza, seli ya kawaida ya binadamu ina hesabu. Ina hesabu, na inaikumbuka hata ikigandishwa. Sasa nani anahesabu mle ndani?

Jibu la kwanza lilipatikana kituo cha treni. Mwaka 1966 mwanasayansi wa Moscow, Alexei Olovnikov, alihudhuria mhadhara pale Chuo Kikuu cha Moscow kuhusu hii kazi ya Hayflick. Akatoka na swali kichwani, akashuka kwenye kituo cha treni za chini ya ardhi, na treni inaingia. Akaiangalia. Akawaza, hebu tuseme treni hii ndo mashine inayonakili DNA, na reli ndo DNA yenyewe. Mashine inasoma reli na kutengeneza nakala inavyokwenda. Lakini mwanzo kabisa wa reli, pale ambapo treni imekalia, itapanakili saa ngapi? Haipanakili. Kipande hicho kinaachwa. Kwahiyo kila seli inapogawanyika nakala mpya inatoka fupi kidogo nchani, na inayofuata fupi zaidi, na inayofuata fupi zaidi. Akaandika hilo mwaka 1971, na mwaka uliofuata James Watson, yule wa umbo la DNA, naye bila habari za Mrusi akaandika kwamba ncha zina tatizo hilihili. Olovnikov hakuwa na maabara ya kulithibitisha, alikuwa na akili tu na treni mbele yake, na mimi mpaka leo naona hakupewa heshima inayomstahili.

Sasa tuingie ndani ya seli yenyewe. Karibu kila seli yako ina kromosomu 46, ndo zile nyuzi za DNA. Kila kromosomu ina ncha mbili, kwahiyo ncha 92. Na kwenye kila ncha kuna herufi sita za DNA zinazojirudia, TTAGGG, TTAGGG, TTAGGG, mara elfu na kitu. Mtoto akizaliwa anakuwa na kama herufi elfu kumi hivi kila ncha, mmoja zaidi mwingine pungufu. Hizo herufi haziandiki maelekezo ya kutengeneza kitu chochote. Kazi yao ni kuwepo pale ili kinachokatika kiwe wao, sio jeni zako, yani yale maelekezo yenyewe yaliyo ndani. Hiyo ndo telomea. Kila seli inapogawanyika zinaondoka herufi kadhaa, makumi, saa nyingine inakaribia mia. Zikibaki chache mno seli inapata habari kwamba ncha iko wazi, inasimama, haigawanyiki tena.

Mtu ataniuliza, ncha ikiwa wazi kuna ubaya gani? Barbara McClintock alishaliona hilo kwenye mahindi, miaka ya 1930, huko Marekani. Kromosomu iliyovunjika, ncha yake haitulii, inakwenda kushikana na ncha nyingine iliyovunjika, seli ikigawanyika zinavutana zinakatika upya, zinashikana tena, vurugu isiyoisha. Ncha nzima hazifanyi hivo. Mwenzake Hermann Muller akaliona hilohilo kwenye nzi wa matunda. Hapo hakuna aliyejua hata DNA ina umbo gani, wanaangalia tu mahindi na nzi, lakini waliona.

Nisimame hapa kidogo kwa ajili ya muuzaji wenu. Telomea zinakatika pale seli inapogawanyika, si ndio? Sasa seli nyingi za ubongo ukishakuwa mtu mzima hazigawanyiki. Seli za misuli ya moyo ni kidogo sana. Gegedu la goti ndo kabisa, linajitengeneza taratibu mno. Kwahiyo akikuambia kidonge kimoja kinarefusha telomea halafu kinaponya kumbukumbu na moyo na goti, muulize hizo seli zilikatika telomea zikigawanyika lini.

Haya, lingine. Kama kila kizazi cha seli kinakatwa, mbona watoto wanazaliwa na telomea ndefu? Mimi nimemzaa mwanangu nikiwa mtu mzima, seli zangu zimeshagawanyika sana, mbona yeye hakuanzia pale nilipoishia mimi? Lazima kuna kitu kinarudisha.

Aliyekifuatilia ni Elizabeth Blackburn, mama mmoja aliyezaliwa Hobart, Tasmania, Australia. Miaka ya 1970 alikwenda Yale kwa Joseph Gall, akapewa kiumbe cha kwenye madimbwi kinaitwa tetrahimena, seli moja tu, kina vinyweleo vinavyotingishika. Kwanini huyo? Kwasababu ana vikromosomu vidogovidogo maelfu kwa maelfu ndani ya seli moja, na penye kromosomu nyingi pana ncha nyingi, ukitafuta ncha unaanzia kwenye ncha nyingi. Akasoma zile herufi zinazojirudia. Baadae akiwa Berkeley akapata mwanafunzi anaitwa Carol Greider, binti ambaye alihangaika na kusoma tangu utoto, ana ile hali ya herufi kuchanganyika, mitihani ya kujiunga na vyuo ilimpiga vibaya na vyuo vingi havikumtaka. Vijana mlio mlangoni, mnanisikia? Siku ya Krismasi, tarehe 25 Desemba 1984, wenzake wako nyumbani, yeye akaenda maabara kuangalia filamu ya jaribio lake. Akakuta mistari imejipanga kama inavyotakiwa, herufi sita, sita, sita, kuna kitu kwenye yale maji ya seli kinaongeza herufi nchani. Ni kimeng'enya, wakakiita telomerezi. Kinabeba kielelezo chake mwenyewe ndani, kinasoma hapo na kuongeza. Mwaka 2009 Blackburn, Greider na Jack Szostak wakapewa Nobel ya tiba, na simu ilipompigia Greider alfajiri ilimkuta anakunja nguo zilizofuliwa.

Sasa telomerezi unayo wewe, unayo mwilini. Inafanya kazi kwenye seli zinazotengeneza mbegu za uzazi, kwenye kiinitete, kidogo kwenye seli mama za damu na za utumbo. Lakini kwenye seli zako nyingi za kawaida imezimwa. Imezimwa kabisa au karibu na kabisa. Sasa hapa nataka tufikiri pamoja, mama zangu. Mwili una kifaa cha kurefusha, unakijua, unakitumia kwa mtoto aliye tumboni, halafu mtoto akikua unakizima. Mwili ni mjinga?

Nitawajibu kwa habari ya mama mmoja. Anaitwa Henrietta Lacks. Mmarekani mweusi, watoto watano, mtoto wa mwisho bado mchanga. Mwaka 1951 akaenda hospitali ya Johns Hopkins, Baltimore, miongoni mwa hospitali chache pale zilizokuwa zinatibu watu weusi, analalamika kuna kitu anakihisi ndani na anatoka damu. Ilikuwa kansa ya mlango wa kizazi. Wakati wa matibabu kipande cha uvimbe kikakatwa kikapelekwa maabara, hakuombwa ruhusa, hakuambiwa, na familia haikuambiwa kwa miaka zaidi ya 20. Akafariki tarehe 4 Oktoba 1951, ana miaka 31.

Zile seli hazikusimama. Kumbukeni Hayflick, mara hamsini basi. Hizi hamsini zikapita, mia zikapita, mpaka leo mnavyonisikiliza zinagawanyika kwenye maabara dunia nzima, zinaitwa HeLa. Chanjo ya polio ilijaribiwa kwa kutumia seli hizo. Wengine walitengeneza hela nyingi kwa seli za mama ambaye watoto wake hawakuwa na bima ya afya, na ni mwaka 2023 tu familia ilipomalizana na kampuni moja iliyokuwa inaziuza. Mimi hili linaniuma na nalisema kila nikipata nafasi.

Kwanini hazikusimama? Mwaka 1989 mtafiti anaitwa Gregg Morin alitafuta telomerezi kwenye seli za binadamu, na alipoipata aliipata humohumo kwenye HeLa. Ilikuwa imewashwa. Na kilichosaidia kuiwasha ni kirusi cha HPV, ile aina ya 18, kinaingia kwenye seli za mlango wa kizazi, kinaweka protini yake inayowasha telomerezi na kubomoa walinzi wengine wa seli. Wakaenda kupima kansa nyingine, za matiti, mapafu, utumbo, tezi dume, wakakuta karibu tisa kati ya kumi telomerezi imewashwa. Zilizobaki nyingi zina njia yao nyingine ya kurefusha ncha.

Mmeelewa sasa? Kile kikomo cha Hayflick ni ulinzi. Seli ikiharibika na kuanza kugawanyika hovyo, telomea zinakatika, zinafika mwisho, inasimamishwa kabla haijawa kansa. Mwili unakubali seli zako zizeeke ili zisije zikakuua mapema. Ili kansa iendelee kukua, karibu kila mara inabidi irefushe telomea. Irefushe telomea! Kilekile ambacho chupa ile inaahidi kukufanyia.

Sitaki niwatishe kupita ukweli. Mwaka 1998 watafiti Marekani waliwasha telomerezi kwenye seli za kawaida maabara, zikapita kikomo chao na hazikugeuka kansa kwa hilo peke yake, maana kansa inahitaji makosa mengi yakusanyike. Na sina ushahidi kwamba kidonge cha mtaani kinaiwasha kweli, vingine naamini ni unga wa majani tu. Lakini basi uchague, ama hakifanyi kitu na umetupa hela, ama kinafanya na hujui kinafanya kwenye seli ipi. Mwaka 2024 Marekani waliidhinisha dawa inaitwa imetelstati kwa wagonjwa wa aina fulani ya ugonjwa wa uboho, yani pale ndani ya mifupa damu inapotengenezwa, na hiyo dawa kazi yake ni kuizuia telomerezi. Madaktari wanaizuia, muuzaji anataka kuiwasha.

Na telomea fupi sana? Nayo ni mbaya, sikatai hata kidogo. Kuna familia zinazorithi hitilafu kwenye telomerezi. Mtoto kucha zinaharibika, ngozi ya shingoni inaweka madoa, mdomoni mabaka meupe, halafu uboho unashindwa kutengeneza damu. Wengine wanakuja kujulikana ukubwani mapafu yakishakuwa na makovu. Ni ugonjwa wa nadra na unatibiwa na wataalamu hospitalini. Upande wa pili, mwaka 2023 timu ya Johns Hopkins ilitoa taarifa za familia zenye hitilafu kwenye jeni inaitwa POT1, telomea zao ni ndefu kuliko za watu wengi. Kwa maneno ya muuzaji hawa ndo wangekuwa vijana milele. Walikutwa na uvimbe wa aina nyingi, mwingine wa kawaida na mwingine kansa, na damu yao ina seli zenye mabadiliko yanayoelekea kwenye kansa za damu. Fupi mno shida, ndefu mno shida.

Kuna huyu mwanaanga pia, Scott Kelly, pacha wake anafanana naye kabisa alibaki duniani. Kelly alikaa kwenye kituo cha anga siku 340, mwaka 2015 mpaka 2016, wakampima, telomea zimerefuka akiwa kule juu! Wauzaji wangefanya tangazo. Aliporudi zikafupika haraka ndani ya siku chache, na baadae akawa na fupi nyingi kuliko kabla hajaondoka. Kwahiyo mtu akikuonyesha karatasi ya kipimo kwamba mteja wake telomea zimeongezeka, hiyo karatasi haijakuambia kama mteja ni mzima. Watu wawili wa umri mmoja, wote wazima, wanaweza kupishana sana.

Nimebakiza mawili na nawaombeni uvumilivu, najua chai iko tayari.

Mwaka 2004 Elissa Epel na Blackburn walipima akina mama 58, wengi wao wanalea watoto wenye maradhi ya kudumu. Waliokuwa wamelea kwa miaka mingi zaidi, na waliosema wamelemewa zaidi, telomea zao kwenye seli za damu zilikuwa fupi zaidi. Naona kuna mama zangu hapa mmenyamaza. Utafiti huo ni mdogo na haumhukumu mtu, haukusema mama mwenye mtoto mgonjwa atakufa mapema, na wala kosa si la mama. Mimi ninachokisoma pale ni kwamba mzigo wa kulea mgonjwa unaingia mpaka kwenye seli, kwahiyo jirani akienda kumshikia mtoto siku moja mama akalala, amefanya kitu. Kikundi hiki kina watu wa kutosha kupangiana zamu. Ile hela ya chupa moja inalipa nauli ya mtu wa kumsaidia mwezi mzima. Na sigara, vijana, sigara inahusishwa na telomea fupi tafiti baada ya tafiti, na hata kama isingehusishwa mapafu yenu yangewaambia.

La mwisho ni lile la Henrietta. Kirusi kilichomuua kina chanjo sasa. Yeye hakuipata, haikuwepo. Hapa kwetu Tanzania kansa ya mlango wa kizazi ndo inayoongoza kwa wanawake, nendeni hospitali ya kansa ya Ocean Road, Dar es Salaam, mkaone foleni, na chanjo ya HPV tunayo tangu mwaka 2018. Siku hizi ni doze moja, wasichana wa miaka 9 mpaka 14, bure. Nimesikia yanayosemwa, eti inafunga kizazi. Hapana. Inafundisha mwili kumtambua kirusi kabla hajaingia kwenye seli na kuwasha ile telomerezi niliyowaeleza, basi. Binti ambaye hakuwepo shule siku timu ilipopita apelekwe kituo cha afya, msisubiri mwakani. Na sisi wakubwa kuna kipimo cha siki cha mlango wa kizazi, kinachukua dakika chache, unajibiwa palepale, kikikuta kidonda mapema kinatibika. Nani ameshapima mwaka huu? Inueni mikono nione... Haya, wengine mnione pale mezani, nina karatasi ya siku za kliniki, tutaandikishana majina twende pamoja Jumatano.

Asanteni sana. Maswali tuanze na bibi pale mbele, amenyoosha mkono muda mrefu.